Kamba ya Nguo Iliyokwenda Kuvua Trauti

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani alikuwa Mama Itakuwaje, na hakuna aliyemwonea kwa kumwita hivyo. Ukimpelekea suruali akufupishie, atapiga magoti mbele yako, pini zimemjaa mdomoni, atapima, atapiga mstari wa chaki, kisha atainua uso na kuuliza, "Itakuwaje kama utarefuka?" Nawe una upara na wajukuu. Lakini utaondoka na pindo la akiba limekunjwa ndani, vifungo vimeshonwa mara mbili, na kimoja cha ziada kimefichwa mfukoni, endapo.

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga, cherehani kikiwa kimeelekezwa dirishani ili mkono ushone na jicho lilinde. Kutoka hapo aliona uani, kamba za kuanikia nguo, ngazi za kwenda juu, na chini ya ngazi kile kijichumba ambamo mume wake alitengeneza saa. Hakuna kilichopita bila yeye kukiona, na hakuna alichokiona bila kumtia wasiwasi.

Katika nyumba hiyo palikuwa na sheria moja kubwa: hakuna ncha inayolala uchi. Pini zilichomekwa kwenye kipande cha mshumaa, sindano zikachomekwa hapohapo, mkasi ulivalishwa soksi kuukuu, na hata uma za jikoni zilisimama kwenye kikombe zikiwa zimeinamisha vichwa. Sheria hiyo ilianza zamani, siku binti yao alipokuwa wa kutambaa akakutwa ameketi chini ya meza, anatabasamu, pini iko katikati ya fizi. Hakuumia hata kidogo. Aliyeumia ni mama yake, na hakupona mpaka leo. Kila jioni alipita sakafuni akivuta sumaku iliyofungwa kwenye uzi, kama mtu anayetembeza mbwa mdogo sana.

Mume wake walimwita Fundi Saa. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache mpaka baadhi ya wateja wapya walimfanyia ishara za mikono wakidhani ni bubu, naye akawajibu kwa ishara ili asiwaaibishe. Alitumia maneno kama alivyotumia mafuta ya saa: tone moja, tena mahali panapokwaruza. Kwa miaka yote ya ndoa yao Mama Itakuwaje hakumsikia akisema uongo, kwa sababu uongo unahitaji maneno mengi.

Ndiyo maana siku wazazi wa pande mbili walipokutana, alilosema lilimshtua mkewe kuliko ambavyo angeshtuka endapo saa ya ukutani ingewika kama jogoo.

Binti alikuwa amepata mchumba, na baba wa mchumba akaja kujitambulisha. Alikuwa Daktari wa Meno aliyestaafu, mjane, mtu mnene mwenye mikono safi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kujibu. Alikunywa chai, akasifu biskuti, akaongea kuhusu mvua, akaongea kuhusu barabara. Halafu akaingia kwenye jambo la moyo wake, yaani samaki aitwaye trauti.

"Si wale wa kufugwa bwawani," alisema. "Hao ni kama kununua dukani. Mimi nazungumzia trauti wa porini, aliyezaliwa mtoni, kwenye maji ya baridi huko juu milimani. Ana madoa mekundu ubavuni, na ana akili kunishinda mimi. Humpati kwa mnyoo. Unafunga uzi na unyoya juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na nzi, unairusha juu ya maji kama imetua yenyewe, halafu unangoja. Mwanangu hataki hata kusikia. Akiona maji anatafuta taulo."

Mchumba alitabasamu kwa haya. Daktari akamgeukia mwenye nyumba.

"Na wewe, mzazi mwenzangu? Huwa unavua?"

Fundi Saa alitazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu limekaa chini na majani ya chai.

"Huvua," akasema.

"Kwa nzi?"

"Kwa nzi."

Daktari aliweka kikombe chini, uso ukamng'aa kama amekuta mdomo wenye meno yote. Kabla biskuti hazijaisha, safari ilikuwa imepangwa: mwisho wa mwezi, mto wa juu, gari la Daktari, wazazi wawili wa kiume wafahamiane.

Wageni walipoondoka, Mama Itakuwaje alimfuata mumewe jikoni na kufunga mlango.

"Umevua lini wewe?"

"Sijawahi."

"Nzi umewashika wapi?"

"Sijawahi."

"Sasa kwa nini umesema?"

Fundi Saa aliigeuza mkononi sahani yenye maji. "Aliniangalia kwa matumaini," akasema.

Hapo ndipo mama wa watu alipoanza kukosa raha. Binti walikuwa naye mmoja tu, na familia anayoingia ilikuwa imemkubali vizuri, bila makwazo. Itakuwaje Daktari akigundua? Atasema kimoyomoyo, kama baba anadanganya kuhusu samaki, binti amelelewaje? Na upande wa pili lilikuwako jambo zito zaidi: Fundi Saa hakujua kuogelea. Hata kwenye bafu aliingia kwa kushikilia bomba. Kwa hiyo mwisho wa mwezi ulikuwa na milango miwili tu, aibu au maji, na mumewe alikuwa akielekea huko amebeba sahani, ametulia tuli.

"Mpigie simu umwambie ukweli," alimwamuru keshoye asubuhi.

"Nitamwambia."

Alisimama karibu naye kuhakikisha. Fundi Saa alibonyeza, akangoja, akajikohoza. "Daktari, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu uvuvi," akaanza vizuri. Kisha Daktari akayachukua mazungumzo. "Ndiyo... Ndiyo... Kumbe... Hapana, si usumbufu... Wote wamechakaa? Pole... Ndiyo, naweza... Sawa kabisa." Akaweka simu mezani.

"Umemwambia?"

"Nzi wake wameliwa na nondo ndani ya sanduku. Amefurahi kwamba nitaleta wa watu wawili."

Mama Itakuwaje aliketi. Kisha akajikaza kisabuni, akavuta kipande cha mshumaa chenye pini karibu yake, akasema, "Haya. Tafuta picha ya huyo nzi tumwone."

Picha zilikuwa kwenye simu ya binti. Aliwaonyesha mzee mmoja mwenye kofia, amesimama katikati ya mto hadi mapajani, anapeleka mshipi wa kuvulia mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole kama mtu anayebembeleza mtoto kulala. Fundi Saa aliutazama mkono wa yule mzee. Mama Itakuwaje aliyatazama mapaja.

"Maji yanafika wapi pale?" aliuliza.

"Mama, si anaonekana yuko salama?"

"Anaonekana sasa. Video imeishia wapi?"

Fimbo ya kuvulia waliipata kwa mwuza vitu chakavu, ambako ilikuwa imetundikwa na kuuzwa kama fimbo ya pazia, pete zake bado zipo. Gurudumu la kuzungushia mshipi hawakulipata popote, basi Fundi Saa akajifungia chini ya ngazi na saa kubwa ya kengele ambayo mteja alikuwa amekataa kuja kuichukua. Alipotoka, saa ilikuwa gurudumu. Ulizungusha ufunguo wa nyuma, mshipi ukaingia ndani kwa ulaini wa ajabu. Uliuvuta kwa nguvu, kengele ikalia mpaka paka wa jirani akaruka ukuta.

"Kwa nini hukuitoa kengele?" mkewe aliuliza.

"Ni nzima," alisema Fundi Saa, na ilionekana kwake hayo ni maelezo tosha.

Nzi waliwatengeneza pamoja, kwenye meza ya kukatia nguo. Ilikuwa kazi iliyowafaa kuliko walivyotegemea. Yeye alikuwa na kioo chake cha jichoni na koleo ndogo ya kushikia vidude; mkewe alikuwa na nyuzi za rangi zote na mto wa manyoya wa kulalia, ambao uliendelea kukonda siku baada ya siku mpaka Fundi Saa akawa amelaza kichwa juu ya foronya tupu. Tangu saa zihamie kwenye simu za watu, kijichumba cha chini ya ngazi kilikuwa hakipati kazi isipokuwa betri na kamba za mkononi, na jioni mumewe alikuwa akikaa dirishani kama kitu kilichosahauliwa na mteja. Sasa alikuwa ameinama mezani, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, anafunga mbawa. Mama Itakuwaje aliona hilo. Alijifanya hakuliona, akakata uzi kwa meno.

"Huyu umemfunga mafundo mangapi?" mumewe aliuliza, akimgeuza nzi mmoja mwekundu chini ya kioo.

"Ya kutosha."

"Ana pindo."

"Itakuwaje akifumuka mdomoni mwa samaki?"

Ikaja zamu ya kujifunza kurusha. Mama Itakuwaje alikubali kwa sharti kwamba ndoana isifungwe. Mwishoni mwa mshipi akashona kifungo cha koti. Kisha akafungua dirisha, akaendelea kupiga pasi, akimwangalia mumewe uani akipeleka mkono mbele na nyuma. Mrusho wa kwanza kifungo kilimpiga yeye mwenyewe kisogoni. Wa pili ukaenda kwenye ndoo. Baada ya siku kadhaa alianza kupata mwendo, mshipi ukawa unanyooka nyuma yake vizuri, na hapo ndipo kifungo kiliponasa kwenye nguo za jirani wa juu.

Jirani wa juu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa mambo yasiyo na maelezo. Siku hiyo alikuwa amesimama kwenye roshani yake, anakunywa maji, alipoona suruali yake ya kijivu inaondoka kwenye kamba, inapanda hewani, inapita juu ya uani miguu ikiwa imetanuka, na kushuka mbele ya Fundi Saa. Kengele ikalia.

"Jirani," mwalimu akasema kutoka juu, taratibu, "hiyo ni suruali yangu?"

Fundi Saa aliitazama. Aliigeuza akatazama na nyuma. "Ndiyo," akasema.

"Nifahamishe basi."

Fundi Saa alimtazama mkewe dirishani, akiomba msaada kwa macho. Mama Itakuwaje alichomoza kichwa nje, pasi mkononi. "Ilikuwa imelegea kiunoni, mwalimu," akasema. "Tumeona tuishushe tukupunguzie. Hatuchukui malipo."

Mwalimu alifikiri. Ni kweli suruali ilikuwa imelegea. Alirudi ndani akiwa na sura ya mtu aliyepewa jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na Mama Itakuwaje akakaa chini kuishona hiyo suruali, akijisemea kwamba hivi ndivyo uongo unavyozaa: juzi samaki, leo kiuno.

Palibaki suala la mavazi. Mzee wa kwenye simu alivaa suruali ya mpira iliyofika kifuani, na mtu anayejidai mvuvi hawezi kwenda bila hiyo. Mama Itakuwaje alishusha turubai kuukuu la kivuli cha dirisha lake, lile la mistari myekundu na myeupe, akalikata, akashona suruali yenye mikanda ya mabegani. Mishono aliipiga mara tatu. Fundi Saa alipoivaa na kusimama mbele ya kioo, alifanana na duka lililofunguliwa asubuhi.

"Nitaonekana," alisema.

"Ndiyo maana yake. Ukisombwa tukuone."

Lakini sindano inatoboa, na tundu la sindano linapitisha maji. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari, mchana, aliyeyusha mishumaa kwenye sufuria ndogo na kupitisha nta juu ya kila mshono, kwa brashi, ndani na nje. Mumewe alikuwa amekwenda kumalizia betri ya mteja. Kazi ilipoisha, nta kidogo ilibaki sufuriani, bado ya moto. Na mezani, ndani ya kopo la biskuti lililo wazi, walikuwa wamelala wale nzi wote wa watu wawili, wamependeza, kila mmoja na ncha yake uchi.

Hakufikiri. Mkono wenyewe ulifikiri. Alimchukua wa kwanza kwa koleo, akaichovya ncha, akapuliza, akamrudisha. Akamchukua wa pili. Alikuwa akiwaza kuhusu mayai ya kuchemsha, kama yatatosha, na kama gari la Daktari lina tairi la akiba. Kopo lilipofungwa, ncha zote zilikuwa zimelala zimevaa, naye alikwenda kuosha sufuria na hakulikumbuka tena jambo hilo, kama vile mtu asivyokumbuka kuzima taa.

Jioni hiyo alitoa sharti la mwisho.

"Nakwenda na nyinyi."

"Ni safari ya wanaume wawili," alisema mumewe.

"Nitakaa nyuma. Nitashika kikapu. Na utavaa hii." Akaweka mezani kamba ya kuanikia nguo, ameifungua yote kutoka uani na kuikunja vizuri.

Fundi Saa aliitazama kamba. "Mama, siendi mtoni nimefungwa kama mbuzi."

"Mbuzi hafungwi ili asizame."

"Daktari ataona."

"Itapita chini ya koti. Ataona mwisho wake tu, na huo nitaushika mimi kama naanika kitu."

Alitaka kusema zaidi, lakini alimwona mkewe alivyoishika ile kamba, kwa mikono miwili. Akainua mikono, akajipima mwenyewe kiunoni.

Asubuhi Daktari aliwakuta wamesimama mlangoni: mzazi mwenzake amebeba fimbo ya pazia, na mama mwenye kikapu cha mayai, mkate, chupa ya chai, miavuli, blanketi, dawa ya kuungua, dawa ya tumbo, filimbi na soksi za watu watatu. Alitazama vyote. "Tunahama?" aliuliza, akafungua buti la gari.

Mto ulikuwa mwembamba, unakwenda kasi juu ya mawe, na baridi yake ilipanda kwenye miguu hata kabla hujaugusa. Sehemu ya kusimama, Daktari alisema, maji hayapiti magoti. Mama Itakuwaje aliokota kijiti, akapima mwenyewe. Yalipita magoti kidogo. Akaketi juu ya blanketi ukingoni, akaizungusha kamba mkononi, na mumewe akashuka majini ndani ya turubai la mistari, anapiga hatua kama mtu anayetembea juu ya mayai.

Daktari alifungua kopo la nzi. Alikaa kimya kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa geni.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "hawa umewafunga wewe?"

"Pamoja na yeye," alisema Fundi Saa, akiashiria ukingoni.

"Sijapata kuona. Ni aibu kuwalowesha."

Wakaanza kuvua. Na hapo likatokea jambo ambalo Mama Itakuwaje hakuwa ameliandalia kitu chochote kikapuni. Trauti waliwapenda wale nzi. Nzi alipotua tu, maji yalipasuka, mdomo ukatokea, ukamshika, ukavuta, ukamwachia. Kengele ya Fundi Saa ilikuwa inapiga mlio mmoja mfupi, kisha kimya. Upande wa Daktari ni vilevile: shika, vuta, achia. Alibadilisha nzi, akabadilisha jiwe la kusimamia, akabadilisha na kofia. Mpaka kufikia wakati wa mayai, samaki wa mto mzima walikuwa wamewaonja nzi wote wa kopo, na hakuna hata mmoja aliyekubali kutoka.

Mama Itakuwaje mwanzoni alishukuru. Kama hakuna anayepata, hakuna wa kugundua nani anajua na nani hajui. Alimenya yai kwa moyo mwepesi. Halafu akaliangalia lile yai, laini, jeupe, linang'aa kwenye kidole kama limepakwa kitu, na yai likamponyoka.

Nta.

Aliinua macho. Mumewe alikuwa amesimama majini, mgongo umemwelekea, anarusha. Mkono wake ulikwenda mbele na nyuma polepole, bila kukosea, na mshipi ukanyooka mrefu na kutua bila kelele. Hakuwa amewahi kumwona mrefu kiasi hicho. Angekaa kimya, siku ingeisha salama, wangerudi nyumbani na uongo wao mzima. Lakini huyu mtu angerudi dirishani akijua kwamba alirusha vizuri hivyo, na hata hivyo mto ulimkataa.

Alikuwa bado anapima hayo mawili alipoona Daktari anatoka majini. Daktari aliketi juu ya jiwe karibu yake, akavaa miwani, na kutoka mfuko wa koti akatoa kile kioo kidogo cha kuchungulia meno, cha mviringo chenye mkono mrefu, ambacho kustaafu hakukumwachanisha nacho. Akaiweka ndoana juani, akaizungushia kioo kwa nyuma, akaigusa kwa ukucha.

"Hebu ona," akasema kwa sauti ya kazini. "Hii imezibwa."

Mama Itakuwaje aliitazama ndoana. "Daktari," akasema, "ni mimi."

"Dada?"

"Nimeziba mimi. Zote. Kwangu ncha hailali uchi." Na kwa kuwa mlango ulikwisha funguka, yote yakatoka, kama nguo kwenye kabati lililojazwa kupita kiasi. "Na mume wangu hajawahi kuvua. Hata siku moja. Ile ni fimbo ya pazia. Ile ni saa. Anachovaa ni kivuli cha dirisha langu. Hajui kuogelea, na hii kamba siyo ya kuanika, nimemfunga. Si mtu mwongo, Daktari. Amesema hilo moja tu, na binti yetu hakuwamo. Binti usimhesabie."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati. Majini, Fundi Saa alikuwa ameacha kurusha. Alikuwa amesikia kila neno. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko mistari ya suruali.

"Dada yangu," alisema Daktari, "nimekaa maisha yangu yote mbele ya watu walioachama midomo wakaniambia wanapiga mswaki kila jioni. Mtu akinidanganya najua kabla hajamaliza. Huyu alisema 'huvua' kwa uso wa mtu anayengoja sindano."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ukapanga safari?"

Daktari alitazama mto. Aliuchezea ule mkono wa kioo. "Tangu mke wangu aondoke nawaalika watu," akasema. "Mwanangu anatafuta taulo. Rafiki zangu wana mgongo, wana goti, wana wageni. Huyu ni wa kwanza kusema ndiyo. Unafikiri ningemkatalia kwa sababu hajui?" Kisha akainua sauti. "Mzazi mwenzangu, hata hivyo unarusha kunishinda. Nani alikufundisha?"

Fundi Saa alifikiri. "Suruali ya jirani," akasema.

Mama Itakuwaje alikwisha fungua kopo. Alikwangua nta kwa ukucha, nzi mmoja baada ya mwingine, akifumba jicho moja kila ncha ilipobaki uchi, lakini hakuacha. Yule mwekundu mwenye pindo alimkwangua mwisho, akamfuta kwenye gauni lake, akampelekea mumewe mwenyewe mpaka pale maji yalipoanza kulamba viatu vyake.

"Angalia jicho lako," akamwambia.

Fundi Saa akamfunga, akajipanga, akapeleka mkono nyuma, akapeleka mbele. Mshipi ukalala juu ya maji kama uzi juu ya kitambaa. Nzi mwekundu akaelea kidogo kupita jiwe jeusi. Maji yakapasuka.

Kengele ikalia, na safari hii haikunyamaza. Ililia mfululizo kama asubuhi ya watu waliochelewa kazini. Fimbo ya pazia ilipinda, mshipi ukakata maji kwenda huku na kule, na mara samaki akaruka juu, madoa mekundu ubavuni, akarudi chini kwa kishindo. Daktari alisimama juu ya jiwe na yai mdomoni. Fundi Saa hakusogea. Alishika fimbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima.

Walikuwa wamepanga kila kitu. Mvua walikuwa wameipanga, na nyoka, na kuzama, na njaa, na tumbo, na tairi. Kwenye mipango yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kitafanyika nini endapo samaki atashika.

Fundi Saa aligeuza shingo polepole kuelekea ukingoni.

"Mama," akaita, akishindana na kengele, "sasa itakuwaje?"

Mama wa watu alitazama huku na huku akitafuta nani ameulizwa. Kisha akaona kamba mkononi mwake. Akafunga gauni lake vizuri kiunoni, akaweka mguu mmoja nyuma ya jiwe, akavuta. Fundi Saa akaanza kuja, kinyumenyume, amenyoosha fimbo mbele yake, na samaki akamfuata.